Unalipia Nini Unaponunua Mtungi wa Sabuni Kisumu

Asubuhi moja, karibu na soko la Kibuye, mama mmoja mwenye kibanda cha chakula Manyatta alisimama mbele ya mitungi miwili ya lita 20. Wa kwanza ulikuwa wa njano, ule uliowahi kubeba mafuta ya kupikia, na ndani yake mlikuwa na sabuni ya maji ya kijani iliyotengenezwa hapa hapa mjini. Wa pili ulitoka kiwandani Nairobi, una lebo na kizibo kilichofungwa vizuri, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza.

"Kaka," akaniuliza, "zote zina povu, zote ni nzito. Hizo pesa zingine zinaenda wapi?"

Lori lilikuwa likishusha mzigo, wabebaji wakiniita, nikamjibu kwa maneno mawili matatu kuhusu ubora. Alistahili jibu refu zaidi. Nimeuza bidhaa za usafi kwa jumla kwa miaka mingi, na sijawahi kusikia swali linaloigusa biashara hii kwa undani kuliko lile. Ndani ya mtungi, kinachosafisha ni kidogo. Kilichobaki ni maji, barabara, chombo, kodi, na siku ambazo mtu fulani alikaa akisubiri kulipwa. Mnunuzi analipia vyote hivyo, na mara nyingi haambiwi ni kipi anacholipia zaidi.

Tuanze na maji. Sabuni ya maji, iwe ya kiwandani au ya mtaani, sehemu yake kubwa ni maji matupu. Kinachosafisha ni kiini kinachoshika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, hata uchafu ukabanduka na kwenda na maji. Wafanyabiashara tunakijua kwa jina la Ungerol: uji mzito unaonata, unaokuja kwa pipa la bluu la kilo 170 hivi, na kwa kawaida asilimia 70 ya uzito wake ndiyo kiini chenyewe. Mwenzake ni salfoniki, asidi nzito ya rangi ya kahawia, ambayo haiwi sabuni mpaka ukali wake upozwe kwa kostiki, ile soda kali, au kwa magadi. Malighafi zake nyingi huingia nchini kwa meli kupitia Mombasa. Magadi ndiyo yetu, yanachimbwa katika Ziwa Magadi tangu enzi ya mkoloni.

Sasa piga hesabu. Ukitia kilo 1 ya Ungerol katika mtungi wa lita 20, umeweka gramu 700 za kiini, yaani asilimia 3.5 hivi. Pipa moja likitumika kwa kipimo hicho hutoa mitungi 170, ambayo ni lita 3,400. Anayeleta pipa kutoka Nairobi analipia nauli ya kilo 170. Anayeleta sabuni iliyokwisha kuwa tayari analipia nauli ya zaidi ya tani tatu, na karibu zote ni maji, yaliyopita Nakuru, yakapandishwa hadi Mau Summit, yakateremshwa Kericho na Ahero, mpaka mji uliojengwa kando ya ziwa. Lori linalobeba maji hayo hunywa dizeli, na bei ya dizeli hutangazwa upya na mamlaka ya nishati, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi. Wenye malori wa Kisumu huijua tarehe hiyo kuliko siku zao za kuzaliwa.

Hapo tayari una sababu halali ya mtungi wa njano kuwa wa bei nafuu. Mtengenezaji wa Kondele au Nyalenda hamwibii mtu kwa kuuza chini. Hakulipa nauli ya maji, hana kiwanda cha kulipia umeme mkubwa, hana tangazo redioni, na mtungi wake si mpya. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wauzaji wenzangu wa bidhaa za kiwandani hupenda kuwaita watengenezaji hao wote walaghai. Wengi wao si walaghai. Baadhi yao wanatengeneza sabuni ninayoitumia nyumbani kwangu.

Ulaghai upo, lakini uko mahali ambapo jicho halifiki. Ungerol iliyokorogwa kwenye maji peke yake huwa nyepesi tu. Inakuwa nzito ukiongeza chumvi, kidogo kidogo, mpaka inafika kilele chake. Ukizidisha chumvi baada ya hapo, inarudi kuwa kama chai. Fundi mzuri anajua mahali pa kusimama. Maana yake ni kwamba uzito unaouona ukiinamisha chupa ni kazi ya chumvi, na chumvi ndiyo kitu cha bei ya chini kabisa humo ndani. Kiini kikipunguzwa mno, hata chumvi hushindwa kukaza, na hapo mtu hutia unga wa CMC, ambao hukaza maji kama unga unavyokaza uji. Mtungi unakuwa mzito, unang'aa, una rangi nzuri na harufu ya limau, na nguvu yake ya kusafisha imeshuka hadi nusu.

Povu nalo hudanganya. Katika maji safi, kiini kidogo sana hutoa povu la kujaza beseni. Mafuta ndiyo huua povu, kwa hiyo kipimo cha kweli ni kuona povu linastahimili mafuta kiasi gani. Storekipa wa shule moja ya bweni upande wa Maseno alinionyesha njia yake, na sijaona iliyo bora. Anaweka lita 5 za maji ya vuguvugu kwenye beseni, anatia vijiko viwili vya sabuni, kisha anaosha sahani moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imepakwa kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Anahesabu sahani mpaka povu linapoisha juu ya maji. Anarudia na sabuni ya pili. Halafu anagawanya bei ya mtungi kwa idadi ya sahani. Mara nyingine mtungi wa njano hushinda, mara nyingine ule wa kiwandani, ulioonekana ghali, unatoka ukiwa nafuu kwa kila sahani. Kabla ya kujaribu huwezi kujua, na mimi ninayeuza siwezi kukuambia kwa kuangalia tu.

Jambo lingine ambalo mnunuzi wa jumla anapaswa kulipima ni ukali. Salfoniki isiyopozwa vizuri ni asidi mikononi mwa anayefua, na kostiki iliyozidi huchubua vilevile. Mama anayefulia watu nguo kwa mkono, siku sita kwa wiki, ndiye anayelipa kosa hilo kwa ngozi yake. Karatasi za litmasi, zinazobadilika rangi kuonyesha asidi au kostiki, huuzwa katika maduka ya kemikali na haziumizi mfuko. Ukinunua mitungi kumi kwa wakati mmoja, chovya karatasi moja katika kila mtungi. Muuzaji akikasirika kwa hilo, umeshapata jibu.

Kwa upande wa dawa ya klorini, ile ambayo watu huiita jiki hata chupa ikiwa na jina tofauti kabisa, nina maneno mengi zaidi, kwa sababu hapo bei inagusa uhai.

Dawa ya nyumbani ya aina hiyo kwetu kwa kawaida huwa na klorini ya asilimia 3.5. Wahudumu wa afya wamefundishwa kipimo kinachotegemea namba hiyo: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji, ili kupata asilimia 0.5, ambayo hutumika kwa damu, matapishi na vifaa vilivyotumika. Sasa tuseme dawa imekaa mpaka nguvu yake imeshuka nusu, ikabaki asilimia 1.75. Lebo bado inasema 3.5. Muuguzi atafuata alichofundishwa, sehemu 1 kwa 6, na atapata asilimia 0.25. Ndoo itanuka klorini, sakafu italowa, na kila mtu atatulia akiamini kazi imefanyika. Ukanda huu wa ziwa umepata kipindupindu mara nyingi mno kwa sisi kuuza ndoo za kutuliza roho.

Klorini hufa yenyewe, hata kizibo kisipofunguliwa. Mwanga huiua, na joto huiua zaidi: kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuharibika huongezeka kati ya mara mbili na mara nne. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na ghala lake hubaki na ubaridi. Kisumu iko mita 1,130 hivi, mchana wa Februari joto hupita nyuzi 30, na chini ya mabati ghalani linazidi hapo. Katoni iliyotoka kiwandani siku moja na mwenzake, moja ikabaki Nakuru na nyingine ikaja huku, baada ya miezi michache hazitakuwa na nguvu sawa. Tena dawa kali hufa haraka kuliko iliyozimuliwa. Anayenunua pipa la klorini ya viwandani, ile ya asilimia 10 hadi 12, akaliweka uani na kupima kidogo kidogo kwa wateja, mwanzoni mwa pipa anauza dawa na mwishoni anauza maji ya chumvi yenye harufu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Pipa limekaa tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua katoni za dawa hii kwa punguzo kubwa kutoka kwa msambazaji mmoja. Tarehe ya kutengenezwa ilikuwa imepita miezi kumi, ingawa ile ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado. Niliona faida, nikaziuza, na baadhi zilikwenda kwenye zahanati ndogo mashambani. Wakati ule sikuijua hesabu niliyoieleza hapo juu. Tangu nilipoijua, sinunui klorini iliyozidi miezi mitatu tangu itengenezwe, na sirundiki ya akiba hata bei ikiwa karibu kupanda. Kwenye rafu, ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, na tarehe inatazama mbele ili mteja aisome mwenyewe.

Chupa pia ni sehemu ya dawa. Klorini iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa inayopitisha mwanga huharibika upesi, na mtoto anaweza kuinywa akidhani ni maji. Ukiuza kwa kipimo, uza kwa chombo kizito kisichopitisha mwanga, chenye maandishi. Na ghalani, klorini isikae karibu na dawa ya choo yenye asidi. Vikivuja na kukutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Nimeona malori yakipanga katoni za vitu hivi viwili moja juu ya nyingine kwa sababu tu zinaingiana kwa ukubwa. Mweleze turniboi kabla hajapanda juu ya mzigo, maana akishafunga turubai hatashusha tena.

Sabuni ya kipande ina habari fupi zaidi, ila kuna jambo moja linalowagombanisha watu bure. Mche mpya wa sabuni kutoka kiwandani una maji mengi ndani yake. Ukikaa dukani wiki kadhaa hukauka, na uzito hupungua. Mwenye duka akiupima anaona gramu zimepotea, anadhani ameibiwa. Kilichopotea ni maji. Mafuta yaliyogeuzwa kuwa sabuni yamebaki yote. Ndiyo maana mama zetu walikuwa wakinunua miche na kuianika juu ya kabati kabla ya kuikata: kipande kikavu hakiyeyuki upesi kwenye beseni. Mche wa kushuku ni ule unaopungua sana na kujipinda kama mkunjo wa kitambaa, kwa kuwa maji ndani yake yalikuwa mengi mno tangu mwanzo. Usiiweke sabuni karibu na unga, mchele au majani ya chai. Harufu ya sabuni huingia kwenye chakula, na mteja aliyekunywa chai yenye harufu hiyo harudi.

Bei ya miche huamuliwa mbali sana na sisi. Viwanda vyetu, pamoja na kile cha Menengai pale Nakuru, hutegemea mafuta ya mawese, na mengi hutoka Indonesia na Malaysia. Tarehe 28 Aprili 2022, Indonesia ilipiga marufuku kuuza mawese nje. Iliondoa marufuku hiyo tarehe 23 Mei. Hazikufika hata wiki nne, lakini mwaka ule wenye maduka wa Luanda na Mbale, huku Vihiga, walinilaumu mimi kwa bei ya mche. Na mafuta hayo hulipiwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 hivi. Katikati ya mwaka ule ule ilirudi karibu 130. Aliyejaza ghala wakati wa 160 aliuza kwa hasara miezi michache baadaye, kwa sababu jirani yake alileta mzigo mpya wa bei ya chini.

Hii inanifikisha kwenye deni, ambalo naliona ndilo fundo lenyewe.

Mzigo hutoka kiwandani kwenda kwa msambazaji mwenye eneo lake, kisha duka la jumla kama langu, kisha duka la mtaa, kisha kwa mteja anayenunua kadogo. Katika ngazi za juu, faida ya kila katoni ni ndogo sana. Chukua mfano wa kubuni ili namba ziwe rahisi: mtu ana mtaji wa shilingi 1,000,000 aliokopa benki kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, na anapata asilimia 4 kwa kila mzunguko wa mzigo. Akiuza na kulipwa ndani ya wiki mbili, pesa zinazunguka mara mbili kwa mwezi: anapata 80,000, analipa riba ya 15,000, anabaki na 65,000 za kodi ya ghala, mishahara na dizeli. Sasa wateja wale wale, bidhaa ile ile, faida ile ile ya asilimia 4, lakini wanalipa baada ya siku 60. Mzunguko mmoja unachukua miezi miwili. Kwa mwezi anapata 20,000, riba bado ni 15,000, anabaki na 5,000. Hajapandisha bei, hajaibiwa katoni hata moja, na biashara imekufa.

Ndiyo sababu duka moja linakupa bei tatu za katoni ileile: ya pesa taslimu, ya wiki mbili, na ya mwezi. Watu huona hiyo kama dharau, kana kwamba muuzaji anawapanga wateja kwa nyuso zao. Anachofanya ni kuuza vitu viwili, sabuni na muda, na muda una bei yake.

Historia ya maduka makubwa inaonyesha mambo haya yanavyoweza kuangusha watu wengi kwa pamoja. Nakumatt ilianzia Nakuru, na Tuskys ilianzia Rongai, katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru. Zilikuwa fahari ya watu wa huku. Januari 2020 wadai wa Nakumatt walipiga kura kampuni ifungwe, ikiwa na madeni ya mabilioni ya shilingi. Na mwaka huo huo matawi ya Tuskys yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Miongoni mwa waliodai walikuwa watu waliopeleka sabuni na tishu kwa mkopo wa miezi. Msambazaji aliyewahi kupoteza pesa namna hiyo hubeba jeraha hilo mpaka kwenye bei anayokupa wewe ambaye hujawahi kukopa.

Taasisi za umma nazo zina hesabu yake. Sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na bidhaa za usafi ni zabuni ambayo kikundi kidogo kinaweza kuimudu, kwa kuwa hospitali na shule huzihitaji kila mwezi. Nafurahi kila ninapoona kikundi cha vijana kimepata LPO, ile hati rasmi ya kuagiza bidhaa. Lakini huwa nawaambia, kabla ya kuandika bei ya zabuni, waulize waliowatangulia walilipwa baada ya miezi mingapi, kisha waweke miezi hiyo ndani ya bei. Kikundi kilichoweka bei ya chini ili kushinda, kikakopa kwa riba ili kununua mzigo, kisha kikasubiri malipo miezi minane, kimeifadhili hospitali kwa pesa za mkopo.

Msimu nao una deni lake. Kila shule za bweni zinapofunguliwa, Januari, mwishoni mwa Aprili na mwishoni mwa Agosti, mzazi hufika na orodha: miche miwili, sabuni ya kuogea, tishu, brashi. Kwa wiki mbili duka haliingiliki. Ili niwe na mzigo huo Januari, nauagiza Desemba mapema, wakati pesa zangu bado ziko mikononi mwa watu wanaojiandaa kwa Krismasi.

Kuna jambo ambalo wageni wa biashara hii hulishangaa: mwisho wa mwezi unaweza kupata katoni kwa bei iliyo chini ya bei ya kiwandani, na mzigo ni halali kabisa. Sababu ni bonasi. Kampuni humwekea msambazaji lengo la mauzo. Tuseme katoni ni shilingi 1,000, na akifikisha lengo anarudishiwa asilimia 3, yaani shilingi 30 kwa kila katoni. Tarehe 28 akiwa amekaribia lengo, anaweza kuuza kwa 990 na bado akabaki na faida ya 20. Mzigo huo huvuka mipaka ya maeneo usiku, wa Nakuru unafika Kisumu, wa Eldoret unafika Kakamega, na msambazaji mwenye eneo lake anaamka akiwa ghali kwa wateja wake mwenyewe. Mwenye duka la mtaa anayejua kalenda hiyo hununua tarehe 29. Lakini akumbuke kutazama tarehe za kutengenezwa, kwa sababu mzigo unaosukumwa namna hiyo wakati mwingine ni ule uliokaa, na kwa klorini hilo nimeshalieleza.

Kodi niieleze kwa haraka. Anayeuza zaidi ya shilingi milioni 5 kwa mwaka hulazimika kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Mtengenezaji mdogo aliye chini ya kiwango hicho hatozi kodi hiyo kwenye mtungi wake, na hapo tena bei yake inashuka. Lakini hoteli au shule ya kibinafsi inahitaji ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, KRA. Tangu Januari 2024, kwa kawaida gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliki kupunguza kodi ya mapato ya mnunuzi. Kwa hiyo mtungi ule wa njano unaweza kuwa nafuu kwa mwenye kibanda na ghali kwa mwenye hoteli, ukiwa ni mtungi mmoja.

Busia nako kuna mkondo wake. Miche ya Uganda huja huku, ya kwetu huenda kule, kutegemea shilingi ipi imeshuka wiki hiyo. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, uliotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ulio katika orodha iliyokubaliwa, anaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine hazifutwi. Wengi hawajui, wanamlipa mtu wa njia za panya pesa ambazo wasingelazimika kulipa, na mzigo unafika bila karatasi. Mzigo usio na karatasi hauwezi kuuzwa kwa shule wala hospitali, kwa hiyo unarudi kwenye mtaa kwa bei ya kutupa.

Na kuhusu alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS: iliyochapishwa peke yake haitoshi, maana kuchapisha ni rahisi. Chini yake kuna namba ya kibali. Tuma neno SM, alama ya #, na namba hiyo kwenda 20023, utajibiwa ni ya kampuni gani na bidhaa gani. Fanya hivyo ukiwa bado mbele ya muuzaji, kabla mkokoteni haujapakiwa.

Yule mama wa Manyatta alirudi baada ya wiki kadhaa, siku ambayo hakukuwa na lori mlangoni. Nilimpa kiti, nikamweleza kuhusu maji na chumvi, na nikampa sabuni zote mbili kwenye vichupa akajaribu kwa sahani za kibanda chake. Alipokuja tena alikuwa na namba zake kwenye karatasi: sahani 31 kwa mtungi wa njano, 44 kwa ule wa kiwandani. Kwa bei za siku ile, wa njano ulishinda kwa kila sahani. Akachagua huo kwa vyombo, na kwa ajili ya meza na sakafu akachukua chupa ndogo ya klorini iliyofungwa, akaigeuza kwanza kutafuta tarehe.

"Naweza kulipa Ijumaa, kaka?" akauliza.

Nikamwambia bei ya leo na bei ya Ijumaa. Tofauti ilikuwa shilingi 40. Alifikiri kidogo, akafungua leso, akahesabu noti, akalipa ya leo.